Mwaka Niliowatafuta Wataalamu wa Kujitolea

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Nachenga, Chamazi. Nasema tulimzika, ingawa wanaume ndio waliokwenda makaburini, na sisi wanawake tulibaki ndani, tumekaa juu ya mikeka, khanga vichwani. Habari niliipata ofisini, kwa mtu ambaye hakujua kwamba nilimfahamu marehemu. Alipita mlangoni kwangu na kikombe cha chai mkononi, akasema kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Yule mzee wa ile kamati ya zamani ya seva, aliyepitisha chumba kikaingia maji, amefariki jana." Ndivyo alivyobaki midomoni mwa watu wa kazi yetu: aliyepitisha chumba kikaingia maji. Nilikaa na maneno hayo mpaka saa ya kutoka. Mzee Nachenga hakupitisha chumba chochote. Mimi ndiye niliyeandika kwamba alikipitisha, na kwa miaka yote hii sikuwahi kufuta.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba. Nimepanga chumba Segerea, na kazi yangu iko Kinondoni, ghorofani, juu ya duka la dawa. Ofisi ilikuwa ukumbi mmoja uliogawanywa kwa plaiwudi ukawa vyumba vitatu, na harufu ya spiriti ilikuwa ikipanda ngazi mchana kutwa mpaka ikakaa ndani ya nguo zetu. Meza yangu iliegemea ukuta wa plaiwudi, na upande wa pili aliketi mratibu wa mradi, Bwana Kisanga, mtu wa shati jeupe na sauti ya taratibu ambaye sikumbuki hata siku moja alimfokea mtu. Mradi ulikuwa na jina refu: miundombinu ya kidijitali ya utafiti ya taifa. Mimi mwenyewe miezi ya kwanza nilikuwa nalitamka bila kulielewa. Maana yake ilikuwa kwamba vyuo, hospitali na vituo vya kilimo vya nchi nzima viunganishwe kwa mtandao mmoja, na kiwepo chumba kimoja kikubwa cha seva ambamo kazi za watafiti wote zingetunzwa, badala ya kila mmoja kuhifadhi za kwake kwenye kompyuta mbovu na makabati ya mchwa. Wafadhili waliweka sharti. Kabla hata tofali halijainuliwa, iundwe kamati ya wataalamu huru wasiolipwa, wakae mwaka mzima, washauri. Wasiolipwa, ili wasinunulike. Kazi yangu ilikuwa kuwatafuta hao.

Tulitangaza gazetini, na barua zikaja nyingi mpaka nikafurahi. Kisha nikaanza kupiga simu. Nilikuwa nikifika kwenye maneno "bila posho," upande wa pili unaniuliza kama na semina za nje ya mkoa nazo hazina posho. Mhandisi mmoja alinijibu kwa upole, "Dada, mie najitolea sana, ila gari yangu haijitolei, inataka mafuta." Nilicheka, naye akacheka, tukaagana. Profesa mmoja alikubali jina lake litumike kwa sharti kwamba asiitwe kwenye kikao chochote. Nilikwenda kumlalamikia Bwana Kisanga. Alifurahi. "Huyo mweke," alisema. "Tunataka majina yenye uzito, Oliva. Vikao tutakaa sisi." Nilidhani ni utani. Nilipofikisha majina tisa tukafunga orodha, na kati ya tisa hao waliofanya kazi walikuwa wawili. Waliobaki walikuwa wanakuja siku ya picha.

Wa kwanza wa hao wawili alikuwa Dokta Anjela, mtu wa Njombe, mrefu, mwenye lafudhi ya nyumbani kwao ambayo Dar haikuweza kuiondoa. Barua yake hakuituma, aliileta mwenyewe, viatu vimejaa tope la Temeke. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amezunguka kwenye zahanati za Temeke akiandika habari za akina mama waliojifungua: nani alifika mapema, nani alichelewa, mtoto alikuwa na uzito gani, nani alirudi nyumbani na nani hakurudi. Nusu ya kazi ilikuwa kwenye fomu za karatasi, ndani ya maboksi chini ya kitanda chake. Nusu ya pili ilikuwa kwenye diski ndogo aliyoibeba kwenye mkoba, ameivalisha soksi ya mtoto isipate mikwaruzo. Aliitoa akaniwekea mezani. "Nikigongwa na gari leo," alisema, "hawa wote wanakufa mara ya pili." Yeye ndiye aliyeniambia habari za Mzee Nachenga. Diski yake iliwahi kufa, akaambiwa na wataalamu watatu kwamba haifufuki, halafu mtu mmoja akampeleka Chamazi. "Chuo kikuu hajasoma," alisema, "lakini waliosoma wanakwenda kumuuliza."

Nilikwenda Jumamosi, siku ya mechi, watu wametapakaa barabarani na jezi wakielekea uwanjani, vumbi juu. Nyumba ya Mzee Nachenga ilikuwa na chumba cha mbele alichokifanya karakana, na ndani yake kila kitu kilikuwa na mahali pake: bisibisi zimepangwa kwa urefu, nyaya zimekunjwa na kufungwa kwa uzi, kila kopo limeandikwa kilichomo kwa kalamu ya risasi. Alikuwa fundi mstaafu wa simu. Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yake ilikuwa kutunza vyumba vya mitambo, kuanzia kwao Newala mpaka mjini hapa, na alivijua vyumba hivyo kama mganga anavyojua vifua vya watu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Karibu. Umekuja na redio au umekuja na simu?"

"Nimekuja na barua."

Alivaa miwani, akaisoma yote, akairudia. Kisha akaiweka gotini. "Hapa wameandika tutatoa ushauri. Hawajaandika ushauri utafanywa nini."

"Utafuatwa, mzee. Ndiyo sababu ya kamati."

"Nani kakwambia?" Aliuliza bila kejeli, kama anayetaka kujua kweli. "Mie nimekaa kwenye kamati tangu hujazaliwa. Ushauri huwa tunaunywea chai, halafu vikombe vinaoshwa."

Mkewe, Mama Zuhura, alitokea mlangoni na sinia. "Mwache mtoto wa watu ale kwanza," alisema. Ulikuwa ugali wa muhogo, kisamvu kilichoungwa kwa karanga, na samaki mkavu aliyechomwa akarudishwa kwenye nazi. Tulinawa tukala. Nilikuwa nimekwisha kata tamaa, nikawa nasimulia tu, kwa kuwa mtu ukilishwa ni lazima usimulie kitu, nikamtaja Dokta Anjela na soksi yake. Mzee aliacha tonge hewani. "Bado anaibeba kwenye mkoba?" Nikasema bado. "Ule mkoba siku moja utakwapuliwa pale Buguruni, na akina mama wale wote wataishia mikononi mwa kibaka." Alimaliza kula, akanawa, akafuta kidole kimoja kimoja. "Nitakuja. Ila nikisema kitu, kiandikwe kama nilivyokisema. Kisitiwe sukari."

"Nitakiandika mwenyewe, mzee."

"Haya. Basi nitakudai wewe."

Vikao vilikuwa Alhamisi. Nikiitazama miezi ile leo, najua ndiyo iliyokuwa mizuri kuliko yote niliyowahi kufanya kazi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba uzuri ule ulikuwa wa kweli na ulikuwa juu ya kitu cha uongo. Mzee Nachenga alikuwa anafika wa kwanza, koti la kijivu, shati limefungwa mpaka shingoni, na korosho kwenye karatasi aliyoikunja kama pembe, anaiweka katikati ya meza ili watu wachote. Mama lishe mmoja wa chini ya jengo alikuwa anatuletea chapati na maharage. Dokta Anjela alikuwa anakula amesimama, anachora ubaoni, na mzee anamkatiza. Ugomvi wao mkubwa ulikuwa juu ya nakala. Mzee alishikilia kwamba habari za wagonjwa si kitu cha kubebwa na mtu mmoja, hata mtu mwema namna gani. Chumba kikikamilika, kila mtafiti akabidhi vyote, fomu na diski, na asibaki na chochote.

"Na chumba kikiungua?" Dokta Anjela aliuliza.

"Ndiyo maana lazima iwepo nakala ya pili, mkoa mwingine kabisa. Mahali ambapo mvua ya hapa hainyeshi. Bila hiyo, mama, usiwape hata karatasi moja."

Dokta Anjela aliweka chaki chini. "Sawa," alisema. "Wewe ukiniambia nitoe, nitatoa." Niliyaandika hayo kwenye muhtasari, neno kwa neno, nikijivunia mwandiko wangu.

Mwezi wa saba au wa nane tulipelekwa kukiona chumba kilichopendekezwa. Kilikuwa sehemu ya chini ya jengo moja bondeni, kikubwa, kimepakwa rangi mpya inayonukia. Dokta Anjela siku ile alikuwa zahanati; wajumbe wengine walipiga picha. Mzee Nachenga alipiga magoti kwenye kona bila kuvua koti lake, akatoa funguo mfukoni akakwangua ukuta. Chini ya rangi ile kulikuwa na mstari wa hudhurungi, ulionyooka, wa kimo cha goti. Aliufuata kwa kukwangua hapa na pale mpaka kona ya pili.

"Mzee, hiyo ni rangi tu," mlinzi wa jengo alisema.

"Rangi iko juu," mzee akajibu. "Huu ni uchafu wa maji. Maji yameshakaa humu, tena hayakuwa na haraka ya kutoka." Siku ile ile aliniambia niandike: chumba hiki kisitumike kwa hali yoyote. Niliandika.

Wiki iliyofuata nilikuwa nimeshika sahani yangu ya maharage, nimesimama kando ya plaiwudi, nikasikia Bwana Kisanga akizungumza na mgeni aliyekuja kwa niaba ya mwenye jengo. Mgeni alikuwa na wasiwasi. Bwana Kisanga alikuwa anamtuliza kwa sauti yake ile ya taratibu. "Mkataba wa pango tumeusaini kabla hata kamati haijazaliwa. Usihangaike. Hawa wazee ni wa kupamba ripoti, wafadhili wanataka kuona majina." Mgeni akauliza, na wakikataa je? "Wanajitolea," Bwana Kisanga alisema. "Mtu anayejitolea hukataa kwa mdomo, halafu anarudi nyumbani kwake." Wakacheka kidogo, si kicheko kibaya, kicheko cha watu wanaofahamiana. Nilisimama pale mpaka maharage yakapoa. Alhamisi ilifika, mzee akaweka korosho zake mezani, nami nikachota kama kawaida na sikusema kitu. Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja. Bwana Kisanga alikuwa ameshanidokeza juu ya ajira ya kudumu. Nilijiambia kwamba ripoti ikishaandikwa, maandishi yatawashinda. Nilikuwa msomi wa kutosha kuamini hivyo, na mwoga wa kutosha kuona kwamba imani hiyo inanifaa.

Ripoti ilikamilika. Ukurasa wa saini ulikuwa peke yake mwishoni, majina tisa na mistari tisa, na mimi ndiye niliyezunguka kuwasainisha. Wengi walisaini bila kusoma; hata Dokta Anjela alisema kama Mzee amekubali, inamtosha. Kwa Mzee Nachenga nilikwenda wa mwisho. Nilibandika kikaratasi juu: "Mzee, hii ndiyo ya mwisho. Usome, usaini. Oliva." Alisoma ukurasa mmoja mmoja huku mimi nikimsaidia Mama Zuhura kumenya karanga uani, na alipofika kwenye maneno yake juu ya chumba aliyasoma kwa sauti, mara mbili, kama anayejaribu kiti kabla ya kukikalia. Akasaini. Nilichukua ukurasa wa saini peke yake, kwa kuwa kurasa nyingine zilikuwa nzito na ofisini zilikuwapo.

Asubuhi yake Bwana Kisanga aliniita. Alikuwa ameandika masahihisho kwenye kipande cha karatasi, akanisomea badala ya kunipa. Pale palipoandikwa kisitumike kwa hali yoyote, paandikwe kinafaa baada ya marekebisho madogo. Pale pa nakala ya pili, paandikwe itafikiriwa katika awamu ijayo.

"Bwana, wameshasaini ile nyingine," nilisema.

"Wamesaini ripoti, Oliva. Hii ndiyo ripoti." Aliichana ile karatasi vipande vinne, akavitia mfukoni. "Ni lugha tu. Ukikaa kwenye kazi hizi utaizoea." Nilirudi mezani kwangu nikapiga chapa. Haikuchukua hata dakika kumi. Nakumbuka nilivyosahihisha nukta moja iliyokosewa, maana nilikuwa mtu makini. Kisha nikatoa ukurasa wa saini kwenye bahasha nikauweka mwishoni, na ripoti ikapelekwa kufungwa kitabu.

Siku ya uzinduzi, kwenye ukumbi wa hoteli, mbali na chumba chenyewe, zilitolewa hotuba, vyeti na kofia. Wajumbe wote tisa walifika. Vitabu vya ripoti vilikuwa vimekwenda kwa wakubwa, na kwa wajumbe tulisema vinachapwa. Baada ya chakula, Dokta Anjela alikuja tulipokuwa tumesimama, mimi na Mzee Nachenga, karibu na meza ya soda. Mkoba ulikuwa begani. "Wameniambia kazi yangu ndiyo itakayoingia ya kwanza," alisema. "Mzee, nitoe?"

Mzee alinigeukia mimi. "Binti, tulichosema wamekifuata?"

Naweza kusema nilikuwa naogopa, na ni kweli. Naweza kusema Bwana Kisanga alikuwa hatua tano nyuma yetu akiongea na wageni, na hilo pia ni kweli. Lakini mtu akiulizwa swali namna ile, nafasi ya kusema hapana huwa ipo, ni ndogo lakini ipo, na mimi niliiona.

"Wamekifuata, mzee."

"Basi toa," alimwambia Dokta Anjela. Wiki ile naye alikabidhi diski ofisini kwetu, ikanakiliwa, ikafutwa mbele yake, akasaini. Maboksi ya fomu yakachukuliwa na gari la mradi, yakapangwa sakafuni kwenye kona ya chumba kile, yakisubiri zamu ya kuskaniwa. Soksi ya mtoto alirudi nayo nyumbani.

Masika haikuwa hata kubwa. Mvua ilinyesha siku tatu, na siku ya nne mlinzi alipofungua mlango maji yalimtokea. Nilipofika mitambo ilikuwa imesimama ndani ya maji ya rangi ya chai, mpaka kwenye ule mstari. Maboksi yalikuwa yameshakuwa uji. Dokta Anjela alikuja akavua viatu, akaingia, akainua kitu kilichokuwa fomu, kikakatikia mkononi. Alikiinua kingine. Alifanya hivyo kwa muda mrefu, bila kulia, akiviweka vile vipande juu ya kizingiti kama mtu anayeanika dagaa. Nilimwita jina. Hakugeuka.

Kisha ikaanza kutafutwa sababu, na sababu ilikuwa imeandikwa. Gazeti moja likasema wataalamu wa kujitolea ndio waliokipitisha chumba, likataja majina, na kwa kuwa majina yalifuata umri, la Mzee Nachenga lilikuwa la kwanza. Alikuja ofisini akaomba kuiona ripoti. Nilimpa. Aliketi kwenye kiti cha wageni, akavaa miwani, akatafuta ukurasa, akausoma. Kisha akafungua mwisho, akautazama ukurasa wa saini.

"Saini ni yangu," alisema. "Maneno si yangu. Nani amepiga chapa?"

"Mie, mzee." Nikamweleza yote kwa kunong'ona, kwa sababu ya plaiwudi.

Alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti. "Linakuja jopo la uchunguzi wiki ijayo," alisema. "Waambie hivyo hivyo ulivyoniambia mie. Usizidishe wala usipunguze."

"Nitawaambia."

Jopo lilikuwa la watu watatu, na aliyeongoza alikuwa mwanamke mtu mzima, mstaarabu. Mzee Nachenga aliketi kwenye benchi karibu na mlango. Bwana Kisanga aliketi nyuma, miguu ameipishanisha. Dokta Anjela hakuja. Yule mwenyekiti alinitazama vizuri akauliza, "Bi Oliva, kuna neno lolote lililobadilishwa baada ya wajumbe kusaini?"

"Sikumbuki, mheshimiwa."

Aliandika. Akamgeukia Mzee Nachenga, akamuuliza kama ana la kuongeza. Mzee alisimama, kofia mkononi. Nilijua kwamba kurasa nilizoziacha Chamazi zingeweza kunimaliza, na kwa wiki nzima nilikuwa nimezisubiri. "Sina," alisema. Akavaa kofia, akatoka.

Wakamwandikia barua ya onyo, kana kwamba mtu unaweza kumwonya kwa kazi uliyomwomba akufanyie bure. Chuo cha ufundi kilichokuwa kimemwita kufundisha jioni kikamwambia asubiri, na kusubiri huko hakukuisha. Bwana Kisanga alihamishwa, kwenda juu. Dokta Anjela alirudi Njombe, akawa mwalimu wa hesabu wa sekondari, na hakugusa utafiti tena. Barua yangu ya ajira ya kudumu ilikuja mwezi ule ule, ikiwa na neno "uaminifu" katika mstari wa tatu. Leo ninakalia kiti alichokalia Bwana Kisanga, na mwaka huu tumetangaza tena, tunatafuta wataalamu wa kujitolea, na jina lililo chini ya tangazo ni langu. Vijana wanaleta barua nzuri. Ninazisoma zote, halafu nazipitisha.

Pale msibani, wanaume walipokuwa makaburini, mwanamke mmoja mwenye mvi aliingia, akasalimia, akakaa mkekani kando yangu. Nilimtambua kwa lafudhi. Naye alinitambua, akanishika mkono. "Nimesafiri tangu jana," aliniambia kwa sauti ya chini. "Nimekuja kumsamehe. Nimechelewa, lakini nimeona nije nimsamehe kwake. Miaka yote nimejiuliza, mtu mwangalifu vile alikipitishaje chumba kile."

Mkono wake ulikuwa bado juu ya wangu. Nilimwambia. Nilimwambia habari ya sahani ya maharage, ya karatasi iliyochanwa vipande vinne, ya meza ya soda, ya jopo. Kadiri nilivyosema, mkono wake ulizidi kuwa mwepesi, mpaka nikaona hauko tena.

"Kwa hiyo uliposema wamekifuata," aliuliza.

"Nilikuwa nimeshapiga chapa mwenyewe."

Alikaa akitazama viganja vyake. "Twende ukamwambie mkewe," alisema, akasimama.

Mama Zuhura alikuwa chumba cha ndani, nguo nyeupe, ameegemea ukuta, binti yake Zuhura kando yake. Nilipiga magoti nikarudia yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, kama wanavyosikilizwa watu wanaosoma risala. Nilipomaliza akasema, "Najua. Aliniambia siku ile ile aliyotoka kwako." Akamtuma Zuhura kabatini. Zuhura akarudi na bahasha ya kaki, na ndani yake zilikuwamo zile kurasa, na kikaratasi changu kimebandikwa juu, gundi imegeuka njano.

"Nilimwambia azipeleke kwenye jopo," Mama Zuhura alisema. "Nilimsihi. Akasema, humu jina ni la binti peke yake. Aliyemwamuru hajaandika popote. Nikizipeleka watamshika aliyepiga chapa, na mwenye amri atatafuta mpiga chapa mwingine. Akasema, yule binti atasema mwenyewe, tumpe muda."

"Alisema muda gani?" Dokta Anjela aliuliza.

"Hakusema." Mama Zuhura alinisogezea bahasha kwa ncha za vidole. "Yeye ndiye aliyekungoja. Mie sikukungoja. Nilikuchukia, na mpaka sasa nakuchukia, na leo sina nguvu ya kukudanganya. Chukua karatasi zako."

Nilizichukua. Dokta Anjela alibaki ndani na mfiwa, mlango ukarudishwa.

Jumatatu niliandika maelezo yangu kwa mkono, kurasa sita, nikaambatanisha zile za Chamazi, nikazipeleka makao makuu, masijala. Bwana Kisanga amestaafu zamani, anafuga kuku wa kisasa. Karani wa masijala, mama mpole mwenye sweta, aligonga muhuri wa kupokea, akaenda kutafuta kwenye rafu, akakaa sana. Aliporudi alisema faili la kamati ile halipo, liliteketezwa na mafaili mengine yaliyopitwa na wakati.

"Nifungue jipya?" aliuliza.

Nikasema afungue. Akachukua jalada, akalinyoosha juu ya meza, akashika kalamu. "Niandike la nani?"

Nikamtajia majina yangu, yote matatu, na nikasimama pale mpaka alipomaliza kuyaandika.